Jedwali la kati: acha hifadhidata izuie jozi zinazojirudia
Wanafunzi wengi, kozi nyingi: kwenye jedwali la kati, yaani lile linaloandika nani yuko kozi gani, usitegemee safu wima ya id peke yake. Andika PRIMARY KEY (mwanafunzi_id, kozi_id), yaani ufunguo mkuu usioruhusu jozi ileile mara mbili. Nimejifunza baada ya kukuta mwanafunzi mmoja kasajiliwa mara mbili kwenye kozi ileile. Alibofya kitufe mara mbili, maombi mawili yakafika karibu pamoja, kila moja likauliza "yupo?", likajibiwa "hayupo", yote mawili yakaandika. Ukaguzi huo wa "yupo?" ndani ya PHP, lugha ya programu niliyotumia, peke yake hauwezi kuziba pengo hilo hata uuandike vizuri namna gani. Hifadhidata inaweza, maana jozi ya pili inakataliwa papo hapo. Kwenye MySQL ni kosa namba 1062, lidake kwenye PDOException (taarifa ya kosa la hifadhidata ndani ya PHP) umwambie mtumiaji tayari amesajiliwa. Weka pia INDEX (kozi_id, mwanafunzi_id), yaani faharasa ya kuharakisha utafutaji, kwani ufunguo ule husomwa kuanzia kushoto na hausaidii ukitafuta kwa kozi pekee. Njia hii inakwama pale jozi inaporuhusiwa kujirudia, mfano mwanafunzi anayerudia kozi mwaka unaofuata. Hapo ongeza mwaka kwenye ufunguo.