Sherehe za mtaani Uingereza: kula, cheza, nunua, lakini usivuke meza

Ukiwa Uingereza kwa visa ya mwanafunzi, ya kazi ya udhamini au ya matembezi, sherehe za mtaani ni zako zote: masoko ya Jumamosi, kanivali, usiku wa muziki wa kwetu kwenye ukumbi wa kanisa. Nunua, kula, cheza mpaka taa zizimwe. Ila siku utakapoambiwa "na wewe njoo uweke kimeza chako uuze sambusa", simama. Hapo ndipo watu wetu wanapoumia, tena wakiwa wamezungukwa na watu wema wanaowapigia makofi.

Kuzijua sherehe zenyewe si kazi. Waingereza hawakualiki kwa mdomo, wanabandika tangazo. Asiyesoma matangazo atakaa miaka mitatu akilalamika kwamba watu wa huku wana roho baridi. Soma ubao wa maktaba, dirisha la duka la kona, na ukurasa wa matukio wa tovuti ya halmashauri. Parkrun, mbio za pamoja za mtaani, ni bure kila Jumamosi, kilomita 5, saa 3 asubuhi England na Wales, na saa 3 na nusu Scotland na Ireland ya Kaskazini. Jiandikishe mara moja mtandaoni, beba msimbopau (barcode) wako, basi. Septemba kuna Heritage Open Days, majengo ya kihistoria ya England yanafunguliwa bila kiingilio. Kanivali ya Notting Hill ni Jumapili na Jumatatu ya mapumziko mwishoni mwa Agosti, nayo haina kiingilio. Fika mapema, salimia, kaa hadi wakati wa kukunja viti na usaidie kuvikunja. Shughuli nyingi za mtaa huku zinabebwa na wastaafu wachache, na anayebeba kiti siku ya kwanza hukumbukwa mwaka mzima.

Na ndiyo maana wanakupenda haraka, na ndiyo maana watakuomba uuze chakula cha kwenu. Hawana nia mbaya. Hawajawahi kusoma masharti ya visa maishani mwao, kwa sababu hawajawahi kuhitaji visa ya nchi yao wenyewe. Ukikamatwa, watasikitika sana, lakini barua ya Home Office, wizara inayosimamia uhamiaji, itakuja kwako.

Upande wa pili wa meza

Nyumbani ukitaka kuuza sokoni unamwona mwenyekiti wa soko, unalipa ushuru wa siku, unapewa risiti, mambo yameisha. Huku ruhusa ya kuuza haianzii sokoni, inaanzia kwenye visa. Unaweza kuwa umelipia kibanda, umesajili jiko lako halmashauri, una bima, na bado kila sambusa inayotoka mezani kwako ni uvunjaji wa masharti.

Visa ya mwanafunzi inakataza kujiajiri na kufanya biashara. Haina kiwango cha chini. Sambusa 20 ni biashara kama sambusa 2,000. Zile saa 20 kwa wiki wakati wa muhula (saa 10 kwa kozi za chini ya shahada) ni za kuajiriwa, zinahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, na huwezi kufidia wiki ya saa 26 kwa wiki ya saa 14. Si saa za kujitafutia. Kusuka nywele chumbani kwa malipo, kupiga picha za harusi, kuuza vitenge Instagram, kupeleka chakula kwa baiskeli kupitia programu za simu ambako mpelekaji huhesabiwa amejiajiri, vyote viko nje. Visa hiyohiyo inakataza kazi ya utumbuizaji, kwa hiyo DJ na MC wa chama cha wanafunzi anayelipwa "nauli tu" ya pauni 80 asijidanganye kwamba jina la malipo linabadilisha malipo.

Sasa mtego wenyewe, na huu usome mara mbili. Utaambiwa: "Chini ya pauni 1,000 kwa mwaka haina shida, hata serikali haitaki kujua." Pauni 1,000 hiyo ipo kweli. Ni msamaha wa HMRC, mamlaka ya kodi, ulioanza Aprili 2017: mapato ghafi ya biashara ndogo yasiyozidi kiasi hicho katika mwaka wa kodi, kuanzia tarehe 6 Aprili hadi tarehe 5 Aprili inayofuata, hayatozwi kodi, na kwa kawaida huna haja ya kuyatolea taarifa. Lakini huo ni msamaha wa kodi. HMRC inauliza umepata kiasi gani; Home Office inauliza kama uliruhusiwa kupata hata senti moja. Ni ofisi mbili, sheria mbili. Anayekupa ushauri huo mara nyingi ana uraia au ukaazi wa kudumu, na kwake yeye ni kweli kabisa. Kwako si kweli. Narudia: msamaha wa kodi si ruhusa ya kufanya biashara.

Angalia fomu ya kukodi kibanda kabla hujaijaza. Inataka jina la biashara, namba ya bima ya madhara kwa watu wengine, na ukiuza chakula, halmashauri uliyosajiliwa. Chini kuna mahali pa kusaini kama mmiliki. Sahihi hiyo ni ushahidi ulioutengeneza mwenyewe kwamba umejiajiri. Kisha mwandaaji anaweka jina lako na picha yako kwenye bango la tukio, na wateja wanakutumia pesa benki wakiandika "sambusa 30". Miezi michache baadaye unaomba visa nyingine na unatakiwa kuonyesha taarifa ya benki ya siku 28 mfululizo. Kila kitu kimeandikwa humo, kwa mkono wa wateja wako.

Wauguzi na walezi waliokuja kwa udhamini wa mwajiri nao wasijione wako salama. Visa hiyo inakufunga kwenye kazi uliyodhaminiwa. Kazi ya ziada ina masharti membamba, na kibanda chako mwenyewe hakimo. Aliye na visa ya Graduate, ile ya waliomaliza masomo huku, anaweza kujiajiri. Kwa kawaida mwenza aliyekuja kama mtegemezi anaweza pia. Lakini usikubali neno "kwa kawaida" likutoshe: ingia kwenye akaunti yako ya UKVI, idara ya visa, fungua eVisa, yaani visa yako ya kidijitali, soma kilichoandikwa kuhusu kazi, neno kwa neno.

Kuna mtego mdogo pembeni ya huo, wa "kusaidia". Rafiki ana duka au mgahawa, Jumamosi kuna tamasha, anakuomba usimame kaunta kwa muda wa saa sita na jioni anakupa sahani ya pilau. Hiyo ni kazi. Kutolipwa hakuifanyi kuwa ya kujitolea, na chakula ni malipo. Tangu Februari 2024 mwajiri anayekutwa na mtu asiye na ruhusa anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 45,000 kwa kila mtu, na hadi 60,000 akirudia. Duka la mtu wetu haliwezi kubeba faini hiyo. Na mfanyakazi mwenyewe asiye na ruhusa, kwa sheria ya mwaka 2016, anatenda kosa la jinai.

Kujitolea kwa kweli kunaruhusiwa, na ni njia nzuri kuliko zote ya kuingia mtaani. Dalili zake ni hizi: taasisi ni ya hisani, hulipwi chochote zaidi ya nauli halisi yenye risiti, huna mkataba wala zamu unazolazimika kufika, na hushiki nafasi ya mtu ambaye angelipwa. Ukipewa saa maalumu unazofungwa nazo, hata bila mshahara, hiyo imekuwa kazi na inaingia kwenye saa zako 20. Tafuta namba ya taasisi kwenye rejesta ya Charity Commission, msimamizi wa taasisi za hisani, au OSCR kwa Scotland. Vyama vingi vya wanadiaspora ni vikundi visivyosajiliwa au kampuni za manufaa ya jamii, na kampuni ya namna hiyo si taasisi ya hisani hata kama viongozi wake ni watakatifu. Kupika sufuria ya pilau ukaipeleka kwenye mlo wa pamoja wa mtaa, watu wakala bure, hakuna tatizo. Kuuza kochi lako ulilolitumia unapohama nyumba, hakuna tatizo. Kununua makochi uyauze, tatizo.

Ndugu zetu wa nyumbani

Hapa naomba wazazi, shangazi na wajomba wanisikilize kwa upendo. Mama anapokuja kuona mjukuu kwa visa ya matembezi, msimfungie begi la vitenge na vikapu "auze kidogo arudishe nauli". Masharti ya mgeni yanataja waziwazi kwamba haruhusiwi kuuza moja kwa moja kwa umma. Na bidhaa za kuuza lazima zitangazwe forodhani. Ule msamaha wa pauni 390 ni wa vitu vya matumizi binafsi na zawadi. Ofisa akifungua begi akakuta doti 25 zenye bei zimebandikwa, maswali yatamwangukia mama, amechoka na safari, peke yake. Akishuka salama, asiwekwe dukani kwa mtoto wake kupanga bidhaa. Mgeni anaweza kujitolea kwa taasisi ya hisani iliyosajiliwa kwa siku zisizozidi 30 kwa jumla, mwisho hapo. Mnajua kabisa kwenu mgeni hapelekwi shambani siku ya kwanza. Basi naye msimpeleke sokoni.

Kununua kwa wenye maduka madogo

Upande wa mnunuzi ni raha tupu. Kwenye mlango wa mgahawa England, Wales na Ireland ya Kaskazini kuna kibandiko cha usafi wa chakula, 0 hadi 5. Wales na Ireland ya Kaskazini ni lazima kukionyesha. England ni hiari, kwa hiyo usipokiona, tafuta jina la mgahawa kwenye tovuti ya Food Standards Agency. Scotland wana mfumo wao wa kufaulu au kutakiwa kurekebisha. Ukiwa na mzio, uliza. Muuzaji anawajibika kukuambia kuhusu vizio 14 vilivyotajwa na sheria. Dukani bei haijadiliwi, ila kwenye masoko ya Jumapili ya kuuzia vitu nyuma ya gari (car boot sale), jadili bila aibu.

Ukifika Leicester, nenda Belgrave Road. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, halmashauri ya jiji hilo ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije Leicester. Walikuja. Leo barabara hiyo ya maduka yao ni kivutio ambacho jiji linajivunia, na Diwali yake hujaza mtaa mzima. Utakutana na wazee wanaokujibu kwa Kiswahili, na "mogo" kwenye menyu ni muhogo wetu. Lakini msijipime nao kwa haraka: wengi walikuwa na pasipoti za Uingereza, sheria iliwaruhusu kufungua duka tangu siku waliyoshuka. Bidii yao ni kubwa, na karatasi zao zilikuwa sawa. Vyote viwili.

Tiketi za msanii kutoka nyumbani ni suala jingine. Bango linazunguka WhatsApp, malipo yanaenda kwenye akaunti ya mtu binafsi, na wiki ya tukio mnaambiwa msanii amenyimwa visa. Kabla ya kulipa, fungua tovuti ya ukumbi uone kama tukio limeorodheshwa. Lipa kwa kadi, si kwa kuhamisha pesa. Kadi ya mkopo inakulinda kisheria kwa kitu kimoja kinachozidi pauni 100, na tiketi mbili za pauni 60 si kitu kimoja. Kwa kiasi kidogo, omba benki irudishe muamala. Zile siku 14 za kughairi manunuzi ya mtandaoni hazihusu tiketi ya tukio la tarehe maalumu.

Kwa wale ambao visa inawaruhusu kuuza: sajili biashara ya chakula halmashauri siku 28 kabla ya kuanza, ni bure. Kata bima. Mapato yakizidi pauni 1,000, jisajili HMRC kabla ya tarehe 5 Oktoba baada ya mwaka wa kodi kuisha. Ukiandaa tukio lenye pombe England au Wales kwenye ukumbi usio na leseni, tuma notisi ya tukio la muda halmashauri siku 10 za kazi kabla, pauni 21, watu wasizidi 499 pamoja na wahudumu.

Na kama umeshauza bila ruhusa, acha leo, hata kama umelipia kibanda cha Jumamosi ijayo. Usiulize kwenye kundi la WhatsApp. Kutoa ushauri wa uhamiaji huku bila usajili ni kosa, na anayekujibu saa sita usiku hatakuwepo barua ikifika. Usifute chochote, na usiandike uongo kwenye fomu inayofuata, kwa maana udanganyifu unaweza kukufungia mlango kwa miaka 10. Mwanafunzi apige simu UKCISA, shirika linaloshauri wanafunzi wa kimataifa. Wengine tafuteni mwanasheria, au mshauri aliye kwenye rejesta ya Immigration Advice Authority, mwende na fomu ya kibanda, bango na taarifa ya benki mkononi.