Chai ya kijani ya asumini: usiichemshe, na chupa ya chai weka pembeni

Mbukwenyi jamani. Kila nikimkaribisha mtu chai ya kijani ya asumini ananiambia aah ile chungu, ukimuuliza uliipikaje anasema niliweka kwenye sufuria na maji, ikachemka dakika kumi, nikatia sukari nikamimina kwenye chupa ya chai. Sasa hapo chai ina kosa gani? Umeipika kama unapika mizizi ya dawa lazima ikulipe uchungu.

Na sicheki mtu maana mi mwenyewe nilianzia huko huko. Dada yangu alikuja na SGR kutoka Dar akaniletea pakiti, mi nikaibandika jikoni na iliki na tangawizi juu, mama akapiga funda moja akaangalia ndani ya kikombe akaniuliza, "Hii ni dawa ya nini mwanangu?" Pakiti nusu nzima iliishia hivyo.

Tatizo ni kwamba sisi tumezoea chai nyeusi. Hii ya kwetu ya Mufindi, Njombe, Rungwe, Lushoto, nyingi inasagwa vipunje vidogo vidogo ili itoe rangi haraka na ihimili maziwa na sukari, kwa hiyo ukiichemsha ndo kwanza inanoga. Ya kijani ni majani ya mti ule ule wa chai ila yakishachumwa yanapigwa moto mapema yasigeuke kuwa meusi, na yanabaki laini. Ukiyamwagia maji yanayotokota yanaachia uchungu wote kwa mkupuo, halafu ile harufu ya ua, ambayo ndo umeilipia hela, inaondoka na mvuke.

Na harufu yenyewe imetafutwa kwa shida. Wachina, hasa wa Fujian na Guangxi, wanachuma chai wakati wa masika yao halafu wanaisubirisha mpaka kiangazi asumini zianze kutoa maua. Maua yanachumwa mchana yakiwa bado yamefumba, usiku ndo yanafunguka, na hapo wanayachanganya na majani ya chai yalale pamoja mpaka asubuhi, chai inafyonza harufu. Asubuhi wanapepeta maua yanatoka, chai inakaushwa maana imeshika unyevu, halafu wanarudia na maua mapya. Ile nzuri inarudiwa hata mara tano, sita, saba. Kwa hiyo ukiona pakiti imejaa maua makavu usidhani ndo umepata ya kishua, lile ua limeshatoa kila kitu, limebaki pambo tu. Watu wa Pwani hawashangai hii habari, ua lenyewe ndo lile lile wanalotunga kina mama wa Tanga na Unguja kuvaa kwenye nywele.

Ukinunua, fungua unuse. Ikikupiga puani kama umeingia duka la marashi, mi huwa naingiwa na wasiwasi, nyingi za hivyo zimenyunyiziwa manukato na kwenye kikombe harufu inakufa mapema. Nzuri inanukia kwa upole na inaendelea kunukia mpaka maji ya pili, ya tatu. Zipo na zile zilizoviringishwa kama goroli ndogo, ukizimwagia maji zinafunguka taratibu, hizo ukizipata nunua, hata kuziangalia tu ni raha.

Sasa maji, na hapa watu wa Dodoma nisikilizeni vizuri. Maji yetu ya bomba mengi yanatoka kwenye visima vya Makutupora na yana chumvichumvi, kama unabisha chungulia ndani ya jagi lako la umeme uone lile ganda jeupe. Kwenye chai ya maziwa na tangawizi huwezi kujua, ila kwenye hii chai inapooza, inakuwa na rangi ya tope na kaukoko juu. Tumia maji ya kunywa ya dukani, lita moja inakutosha vikombe vitano. Msimu wa mvua, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, mi nakinga ya bati, ila zile mvua za kwanza ziache zioshe vumbi, na ukishakinga chemsha kabisa ndo uache yapoe.

Moto unaoutaka ni kama digrii 80. Hatuna kipimajoto, sawa, hatuhitaji. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye 96 hivi, sio 100 kama Dar, tayari tumepunguziwa. Chukua vikombe vinne vya maji yaliyochemka sasa hivi uongeze kimoja cha maji safi ya baridi, inakuja kwenye 80 bila ubishi. Au ukiwa na sufuria, angalia chini: vile viputo vidogo kama macho ya dagaa vikianza kupanda, epua. Ukisubiri yaruke ruke umechelewa, funua mfuniko ukae dakika tano sita.

Majani weka kijiko kimoja cha chai kwa kikombe cha kawaida, gramu mbili mpaka tatu kwa mililita 200. Usijaze kwa huruma. Mwaga maji, funika na kisahani, hesabu dakika mbili halafu chuja yote, usiache majani yakiogelea huku unapiga stori. Kabla hujanywa nusa kile kisahani kwa chini, utanielewa. Majani usitupe, maji ya pili yape dakika mbili na nusu, ya tatu nne, na kwangu mimi ya pili ndo tamu kuliko zote. Kama ni ya kipakiti cha kamba, dakika moja na nusu toa, na usikikamue na kijiko jamani, pale unakamua uchungu.

Chupa ya chai sasa. Kwanza ya kwako ina miaka mingi ya iliki na tangawizi ndani, hata uioshe vipi asumini haitoboi. Pili inatunza moto, kwa hiyo majani yanaendelea kuiva humo mpaka mchana. Ila ukiwa na chupa mpya isiyo na harufu, tia maji ya moto matupu ukaenda nayo kazini, wale wenzangu wa Mtumba mnanielewa, majani yako kwenye kikaratasi, kila ukitaka kikombe unapika papo hapo.

Sukari, onja kwanza bila. Maziwa hapana, hata usijaribu. Asali ya Itigi naipenda sana lakini ina sauti kubwa kuliko ua, ukiweka weka tone. Pembeni pake karanga za kukaanga zisizo na chumvi nyingi zinakaa vizuri, andazi la mafuta linaifunika.

Ule mwezi wa kumi na wa kumi na moja, joto na vumbi vimetukaba na mvua haionekani, mi sipiki kabisa. Vijiko vinne vya majani kwenye lita moja ya maji baridi ya kunywa, funika, friji usiku kucha, asubuhi chuja. Hapo hata mvivu hawezi kuharibu, maji baridi hayatoi uchungu mwingi, na unaimaliza siku hiyo hiyo. Badala ya barafu gandisha zabibu zetu za hapa hapa, zile nyeusi, uzitupie kwenye glasi.

Kuhifadhi: kopo linalofunga vizuri, mbali na jua, mbali na pilau masala na dagaa. Hii chai imefundishwa kufyonza harufu, haichagui.

Mwenye mti wa asumini nyumbani anaweza kujaribu kutia harufu mwenyewe: vitumba vya jioni visivyopigwa dawa, tandika na chai ya kijani ya kawaida kwenye bakuli, funika, asubuhi toa maua uanike chai kivulini ikauke kabisa. Lakini uwe na uhakika ni asumini kweli, sio kila ua jeupe linalonukia ni la kunywa, mengine ni sumu.

Habari za kwamba inakata tumbo mi siziuzi. Ina kafeini, kwa hiyo ukinywa saa tatu usiku usinitafute saa nane, na kama una upungufu wa damu usinywe pamoja na chakula maana chai inazuia madini ya chuma, subiri lisaa hivi.

Mama sasa hivi anakunywa. Anatia vijiko viwili vya sukari na anasema bado ni dawa, ila jioni ananiuliza kama yale majani ya mchana nimeyatupa.