Kabla mgao wa maji haujakaza, kagua chekivalvu ya nyumba yako

Wenye nyumba za kupangisha na hosteli hapa Dodoma, kabla kiangazi hakijatubana na mgao wake, tuongelee kile kifaa cha karibu na mita, mafundi wengine wanakiita nonritani, wengine chekivalvu. Kazi yake maji yaingie tu, yasirudi. Wengi wanadhani maji yakikatika hakuna cha kuogopa, kumbe hapo ndo pabaya, maana bomba la mtaani likibaki tupu linavuta, na kama kuna mpira umezamishwa kwenye pipa la dawa ya zabibu au ndoo ya jiki, ile dawa inaweza kuvutwa mpaka ndani ya bomba na maji yakirudi mnaikuta jikoni. Na kuchemsha hapo hakusaidii, dawa haifi kama vijidudu.

Cha kwanza jua ilipo. Nyumba zingine imezikwa kwenye zege, sijui fundi aliwaza nini. Mshale uliochorwa juu yake uelekee ndani. Alafu subiri siku mtaani hamna maji, fungua koki iliyo kati ya mita na valvu, yakitoka kidogo yakakata, poa. Yakiendelea kutiririka, au mita inazunguka kinyumenyume, hayo ni ya tenki lako yanarudi. Mara nyingi valvu haijafa, ni mchanga ulioingia bomba lilipopasuka, au ile chumvi ya maji yetu inayoganda kwenye birika imekamata kilango, kile kinachofunguka na kufunga ndani ya valvu. Funga maji, ifungue, safisha, kagua raba, ikiwa imekakamaa badilisha.

Kwenye tenki bomba la kuingizia lisizame. La nusu inchi likae walau inchi moja juu ya pale maji yanapomwagikia tenki likijaa. Nafasi hiyo haina raba wala springi ya kuchoka, mi naiamini kuliko valvu yoyote.

Zahanati, maabara na wanaoosha magari, chekivalvu ya kawaida haiwatoshi, wanahitaji ile kubwa ya vilango viwili yenye tundu la kumwagia maji katikati. Fundi mwenye geji aipime kila mwaka, na isikae ndani ya chemba, mvua za Desemba zikijaza shimo tundu linazama na kinga ndo imeisha. Ikimwaga bila kukoma msilizibe kwa tepu jamani, inamwaga sababu kuna kilango hakifungi.