Gia boksi ya Canter inalia: utengeneze au ununue nyingine?

Wakuu, hili swali naulizwa sana na wenye magari ya mizigo. Gia boksi inalia, fundi mmoja kasema tupa weka ya mtumba ya Japani, mwingine kasema ni beringi tu, sasa mtu anabaki katikati na mzigo wa watu uko juu ya gari. Jibu langu ni lile lile siku zote: usitoe hela ya kitu chochote mpaka ujue kelele inatoka wapi, na usiamue kutupa boksi mpaka limefunguliwa ukaliona ndani kwa macho yako. Kelele kubwa ya kutisha inaweza kuwa beringi moja tu, na kamluzi kadogo kanaweza kuwa kasha (ganda la boksi) limeshakwisha. Naongelea Canter na Isuzu NPR za manual gia 5 maana ndo zimejaa, ila kwa Fuso kubwa mambo ni yale yale tu.

Hatua ya 1: sikiliza gari ikiwa imesimama

Weka gari sehemu tambarare, kabari kwenye matairi, gia fri, injini ishapata moto, iache sailensa (iungurume taratibu bila kukanyaga mafuta). Mtu mmoja akae chini pembeni asikilize, mwingine akanyage klachi taratibu mpaka mwisho.

Kelele ikikata ukikanyaga na kurudi ukiachia, hapo mtuhumiwa ni beringi ya inputi shafti (inayoingiza nguvu ya injini kwenye boksi) au za kauntashafti (shafti ya pembeni inayozungushwa na inputi), kwa sababu klachi ikiwa imeachiwa hizo zinazunguka tu muda wote hata kama uko fri. Kelele ikianza pale unapokanyaga, hiyo ni rilisi beringi (ile inayoachanisha klachi ukikanyaga), wala sio gia boksi kabisa na watu wanauziwa boksi zima kwa ajili yake. Na kama inalia zaidi ukiwa umekanyaga, gia imeingia na gari haitembei, angalia ile beringi ndogo ya kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), maana muda huo flaiwili inazunguka na inputi shafti imetulia.

Sasa kuna mtego hapa. Kuna kelele ya kugongagonga kwenye sailensa ambayo nayo inakata ukikanyaga klachi, unaweza kuapa ni beringi. Pandisha resi kidogo. Ikipotea, kagua springi za klachi pleti, au injini yenyewe inatetemeka kwa sababu nozeli moja haifanyi kazi vizuri. Beringi mbovu ukiongeza resi inazidi kulia, haiwezi kunyamaza.

Hatua ya 2: itembeze ikiwa na mzigo

Gari tupu itakudanganya. Pita gia zote, ukivuta na ukiachia mafuta, na uwe unaandika gia ipi inalia vipi.

Gia ya kuitegea sikio ni namba 4. Kwenye hizi boksi za gia 5, namba 4 ni moja kwa moja, yaani nguvu inatoka inputi shafti inaingia mainshafti (shafti inayotoa nguvu nje ya boksi) bila kupitia kauntashafti (namba 5 ni ovadraivu, gia ya mbio, nayo inapitia kauntashafti). Kwahiyo kama gari inalia 1, 2, 3 na 5 halafu ukiingiza 4 inatulia, kauntashafti ndo ina shida, beringi zake au meno yake. Ikilia gia moja tu, basi ni meno ya gia hiyo au beringi ya sindano iliyo chini yake. Ikilia zote mpaka 4 na inafuata mwendo wa gari, inaweza kuwa beringi ya nyuma ya mainshafti, ila kabla hujamlaumu mtu kagua senta beringi ya propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma), krosi (viungo vyake), na difu (gia za katikati ya matairi ya nyuma). Kwenye tambarare, ukiwa na mwendo, toa gia uweke fri uache gari iserereke. Sauti ikiendelea kufuata mwendo wa matairi, anzia nyuma huko. Na hii fanya tambarare tu jamani, asije mtu akajaribu kuweka fri akishuka mlima Kitonga.

Gia inayoruka yenyewe ukiachia mafuta mara nyingi ni meno ya kushikia yamelika au foku (uma unaosukuma gia iingie) imeisha, lakini tazama kwanza maunting za boksi (raba zinazolishikilia), zikikatika nazo zinarusha gia.

Hatua ya 3: mwaga oili uisome

Fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Oili inatakiwa ifike kwenye mdomo wa tundu. Ikiwa chini sana ushajua chanzo, tafuta sili inayovuja. Kisha mwaga kwenye beseni safi, gari ikiwa ya moto.

Unga mwembamba kama grisi nyeusi kwenye sumaku ya nati ni kawaida. Vumbi la rangi ya dhahabu lisiloshikwa na sumaku ni ringi za sinkro (zinazofanya gia iingie laini) zinaisha. Vipande vya chuma vyenye ncha, magamba, au kasindano ka beringi, hapo gari isitembee tena hata kidogo. Oili nyeupe kama maziwa imeingia maji, na beringi zitakuwa zimeanza kutu.

Fundi akikwambia aweke oili nzito ya difu ili kelele ipungue, itapungua kweli, mpaka utakapoiuza. Boksi nyingi zenye sinkro zinataka oili ya daraja la GL-4, na dawa iliyoko kwenye baadhi ya GL-5 (daraja la oili ya difu) inaweza kula zile ringi za shaba. Fuata kitabu cha gari.

Hatua ya 4: kushusha

Hapa nataka kusema kitu kimoja tu. Handibreki ya hizi gari ni ngoma iliyo nyuma ya gia boksi, inashika propela, haishiki matairi. Ukitoa propela hakuna handibreki tena, gari itaondoka na wewe uko chini yake. Hata ukiinua tairi moja la nyuma, difu inaruhusu hilo tairi lizunguke na gari isogee. Kabari matairi yote, stendi za uhakika, na boksi lishuke kwa jeki sio kwa kifua cha tandiboi.

Hatua ya 5: ndani ndo kuna jibu

Osha kila kitu kwa dizeli, kausha, panga mezani. Beringi, sili, ringi za sinkro na gasketi hata usizihesabu kwenye uamuzi, hizo zinabadilishwa tu. Ringi ya sinkro unaijaribu kwa kuibana kwenye koni ya gia na kuizungusha, ikiteleza au ikikaa mpaka chini bila kuacha nafasi, imekwisha.

Vinavyoamua ni vitatu. Kwanza kasha, pitisha kidole kwenye matundu yanapokaa beringi. Kama beringi ilikuwa inazunguka na ringi yake ya nje tundu linakuwa limepanuka na kung'aa, beringi mpya ikiingia kwa mkono bila kugongwa wakati kitabu kinataka ikaze, shafti hazitakaa sambamba na kelele itarudi. Watu wanapiga alama za sentapanchi (vidoti vya kugonga kwa nyundo) ili libane, hiyo ni ya kumaliza wiki. Pili kauntashafti, meno yake mengi yamechongwa pamoja na shafti, jino moja likivunjika unanunua shafti nzima pamoja na gia inayosagana nalo, maana ukiweka mpya na ya zamani zitalia. Tatu mainshafti, sehemu zinapokaa beringi za sindano zikiwa na mashimo au rangi ya bluu ya kuungua, imekufa.

Kasha zima na shafti zote mbili nzima, tengeneza, usiwaze. Kimoja kibovu, piga hesabu. Viwili, tafuta boksi lingine.

Hatua ya 6: hesabu

Chukua spea zote na ufundi, linganisha na bei ya boksi la mtumba PAMOJA na usafiri, oili na sili mpya. Mimi nikiona matengenezo yamepita kama asilimia 60 ya mtumba naanza kusita, ila bado naweza kutengeneza kama gari ni ya kukaa nayo, kwa sababu hili nalijua limewekwa nini na la mtumba ni embe la kununua gizani. Siku ambazo gari haifanyi kazi nazo ni hela, kama spea ya kauntashafti mpaka iagizwe na mteja anasubiri, mtumba unashinda.

Ukinunua mtumba, nenda na klachi pleti yako uivalishe kwenye inputi shafti, hesabu matundu ya flenji, linganisha sehemu ya waya wa spidi na kasha la klachi, halafu zungusha kwa mkono kila gia ukisikiliza. Mwambie muuzaji afungue kifuniko cha juu uone meno. Akikataa, hama duka. Guarantee iandikwe kwenye risiti, na ndani yake iwe ni kurudisha boksi, sio "tutaangalia".

Njia yoyote utakayochagua, rilisi beringi na ile ya flaiwili badilisha muda huo huo wakati boksi liko chini. Oili ya kwanza imwage baada ya kama kilomita 1,000 uangalie sumaku tena: unga mwembamba ni sawa, ukikuta kipande chenye ncha mrudishie fundi gari siku hiyo hiyo, na hicho kipande kaa nacho wewe.