Kupima kama bakteria rafiki wamenata kwenye utumbo wa sato

Kwenye pakiti ya probiotiki, yaani unga wa bakteria rafiki wa kuchanganya kwenye chakula cha samaki, huandikwa idadi ya bakteria kwa kila gramu. Kinachokuhusu wewe mfugaji ni wangapi wanaonata kwenye ukuta wa utumbo baada ya kumezwa. Ukipima kinyesi peke yake, unahesabu wapita njia.

Ukuta huo umefunikwa na ute. Baadhi ya Lactobacillus, kundi la bakteria rafiki wanaotengeneza asidi laktiki, wana protini za nje zinazoushika ute huo, na wakiwahi nafasi, bakteria wa magonjwa kama Aeromonas hydrophila hupata pa kukaa kwa shida. Ila samaki hutengeneza ute mpya kila wakati na ule wa zamani hutoka na kinyesi, kwa hiyo kunata si kuhamia moja kwa moja.

Hatua ya 1: Lisha matangi mawili. Tangi moja lipate chakula chenye Lactobacillus, jingine chakula kilekile bila bakteria. Usiliruke hili la pili: utumbo wa sato una bakteria wake wa asidi laktiki, nao wataota kwenye agari yako (jeli ya kuoteshea bakteria) vilevile. Koroga unga wa probiotiki kwenye maji yasiyo na klorini, nyunyizia chakula kilichokwisha kupoa, pakaa mafuta ya kula kidogo, kausha kivulini. Ukiwachanganya bakteria kabla ya kupika punje, joto litawaua.

Hatua ya 2: Usiwape samaki chakula kwa saa 24 ili utumbo ujisafishe.

Hatua ya 3: Ua na upasue. Mafuta ya karafuu yanafaa. Yayeyushe kwanza kwenye spiriti kwa sababu hayachanganyiki na maji. Vifuniko vya matamvua vikiacha kucheza, subiri dakika 10 zaidi. Futa ngozi kwa spiriti kabla ya kukata, toa utumbo, na uchukue kipande cha sehemu ileile kwa kila samaki. Utumbo wa sato ni mrefu kuliko mwili wake mara kadhaa, na mwanzo wake haufanani na mwisho.

Hatua ya 4: Osha. Hapa ndipo kipimo kinapopona au kuharibika. Tengeneza maji ya chumvi, gramu 8.5 kwa lita 1 ya maji yaliyotoneshwa, uyachemshe kwenye sufuria ya presha kwa 121°C dakika 15, yapoe. Pasua kipande kwa urefu, suuza taratibu mara tatu. Usisugue, utaondoa ute wenyewe. Maji ya mara ya tatu yahifadhi, nayo utayaotesha: yakitoa makoloni (vidoa vya bakteria vinavyoota kwenye agari) karibu sawa na ute, hukuosha vya kutosha na majibu yako hayana maana.

Hatua ya 5: Kwangua ute kwa kisu safi. Gramu 1 ya ute iingie kwenye mililita 9 za maji ya chumvi, tikisa, kisha endelea kuzimua mara kumi kumi. Mwagia mililita 0.1 kwenye agari ya MRS, ambayo ni ya bakteria wa asidi laktiki, weka kwenye 30°C kwa saa 48.

Hatua ya 6: Hesabu visahani vyenye makoloni 30 hadi 300. Kisahani cha mzimuo wa 1 kwa 1,000 kikiwa na makoloni 46, ni 46 × 1,000 × 10 (kwa sababu ulimwagia mililita 0.1 tu), yaani 460,000 kwa gramu ya ute. Linganisha na tangi lisilopewa kitu. Tofauti ikiwa ndogo, chukua koloni chache ukazitambue kabla ya kushangilia.

Anayetumia Bacillus, bakteria rafiki wa kundi jingine, abadilishe agari, maana MRS si yake. Wengi hupasha sampuli 80°C kwa dakika 10 ili zibaki spora tu, yaani bakteria waliojifunga kwenye ganda gumu linalostahimili joto. Mimi huotesha iliyopashwa na isiyopashwa, kwa sababu bakteria aliyekwisha kuchipua kutoka kwenye spora hufa kwenye joto hilo, na huenda ndiye aliyenata.

Sasa acha kulisha probiotiki, urudie hatua ya 2 hadi ya 6 kila wiki. Idadi ikishuka hadi kulingana na tangi la pili, hapo umejua unaweza kulisha siku ngapi bila kuongeza unga wa probiotiki.