Kuondoa Kikwapa Wakati wa Kaskazi

Jasho linapotoka mwilini huwa karibu halina harufu. Kikwapa hutokea pale bakteria wanaoishi juu ya ngozi wanapovunjavunja majimaji mazito yanayotolewa na tezi za makwapani, ambazo huanza kazi mtu anapobaleghe. Ndiyo maana mtoto mdogo anayecheza juani kutwa hurudi ameloa chepechepe lakini hanuki. Jasho jepesi la mwili mzima, ambalo takriban lote ni maji na chumvi, hupoza mwili kwa kukauka, na kwetu Unguja na Pemba miezi ya kaskazi hewa huwa na unyevu mwingi kiasi kwamba halikauki upesi, ngozi ikabaki majimaji na bakteria wakastawi.

Basi anza na bakteria, si na manukato. Oga kwa sabuni kila siku, usugue makwapa vizuri, kisha uyakaushe kabisa kabla ya kuvaa, jambo ambalo wengi hulipuuza. Nyoa nywele za makwapa, kwani huhifadhi jasho. Sunna imeweka ukomo wa siku 40, lakini kwa joto letu ni bora kuwahi.

Dawa ya dukani ya kuzuia jasho, yenye chumvi ya aluminiamu, ipake usiku juu ya ngozi kavu, wakati jasho ni kidogo, ili ipate kuziba vitundu. Asubuhi utaoga na bado itafanya kazi. Jiwe la shabu lililoloweshwa nalo husaidia kwa bei ndogo. Ndimu siishauri, hasa baada ya kunyoa, kwa kuwa huchoma ngozi na ikipigwa na jua huweza kuibabua.

Nguo za poliesta, yakiwemo mabuibui mengi, hushika harufu kuliko pamba. Vaa pamba ndani, na nguo igeuze nje ndani unapoifua. Udi ni wa nguo safi: ukifukiza iliyokwisha kushika jasho, utatoka na harufu mbili.

Jasho la usiku linalolowesha shuka, likiandamana na kikohozi na kukonda, linahitaji kupimwa kifua kikuu. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, akitokwa ghafla na jasho huku akitetemeka, huenda sukari yake imeshuka mno, basi anyweshwe maji ya sukari papo hapo maadamu ana fahamu na anaweza kumeza. Akiwa amezimia, asitiwe kitu kinywani, bali akimbizwe hospitali.