Sanduku la bibi: usikimbilie vanishi

Ukirithi sanduku la mbao lililopigiliwa misumari ya shaba, yale ya Pwani na Visiwani, usiliwahishe kwa fundi. Letu lilipigwa msasa siku moja, likapakwa vanishi, likang'aa kama kaunta ya duka. Ule weusi wa mikono ya miaka mingi ndiyo basi tena.

Vumbi litoe kwa brashi laini, kavu. Likinuka uvundo, liache wazi kivulini penye upepo siku mbili tatu. Juani mbao hupasuka, hata kama ni msaji. Shaba isugue kwa ukwaju mzito, ila kwanza toboa karatasi ngumu uivishe kwenye kichwa cha msumari ili ukwaju usiguse mbao. Futa kwa kitambaa kibichi, kausha papo hapo.

Na kile kijisanduku cha ndani, ubavuni, kipapase hadi pembeni. Sisi tulikuta pini ya ushungi na karafuu tano. Mama alipoiona ile pini akaketi sakafuni, akaanza kusimulia harusi ya bibi. Simu ya kurekodi iwe karibu. Yangu ilikuwa chaji, chumba cha pili.